Santuri Nyingine Kabatini: Muziki Wanaoupenda Mashabiki wa Hevi Metali

Tony Iommi alikuwa na umri wa miaka 17, na siku hiyo ilikuwa yake ya mwisho katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza. Alikuwa anaacha kazi ili akapige gitaa. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa yeye ni wa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akakata tamaa kabisa. Msimamizi wake wa kiwandani akaja kumjulia hali, mkononi kashika santuri, akamwomba aisikilize. Kijana hakutaka hata kusikia habari ya muziki. Mzee akang'ang'ania. Santuri ikapigwa, gitaa likaenda mbio kama maji ya mteremkoni, na ndipo msimamizi alipomwambia kwamba mpigaji yule anatumia vidole viwili tu. Alikuwa Django Reinhardt, gwiji wa jazi aliyeungua mkono mwaka 1928.

Iommi akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole. Akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Sauti ilishuka, ikawa nzito. Bendi yake, Black Sabbath, ikatoa albamu ya kwanza tarehe 13 Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyozaa hevi metali.

Mashabiki wanakijua kisa hiki kwa moyo. Kilichomo ndani yake, hata hivyo, kinastahili kutazamwa upya. Muziki ambao watu wa nje huuona kama chumba kilichofungwa kwa kufuli ulipata kuzaliwa kwa sababu ya santuri ya jazi. Kwa hiyo tukiuliza shabiki wa hevi metali anapenda muziki gani mwingine, hatuulizi jambo la pembeni, bali muziki huu umeundwa na nini. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba shabiki huyu hafuati jina la aina ya muziki. Anafuata sifa fulani, na sifa hizo akizikuta kwa Bach, kwa Johnny Cash, au kwenye studio ya singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, anazitambua papo hapo.

"Napenda kila kitu isipokuwa…"

Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani Bethany Bryson alichapisha utafiti wenye swali la busara. Wenzake walikuwa wakiuliza watu wanapenda nini. Yeye akauliza wanakataa nini. Alitumia takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1993, ambamo Wamarekani waliulizwa maoni yao kuhusu aina 18 za muziki. Aligundua kwamba kadiri mtu anavyosoma, ndivyo anavyozikataa aina chache. Lakini hata wale waliojiona wapana wa ladha walikuwa na mipaka. Aina walizozitupa nje zilikuwa zile zenye mashabiki waliosoma kidogo: hevi metali, muziki wa kufokafoka, kantri na injili. Upana wa ladha ulikuwa na mlango, na mlangoni alisimama mlinzi akiangalia nguo za wageni.

Basi picha ya shabiki wa metali asiyeweza kusikia kingine imechorwa zaidi na walio nje kuliko walio ndani. Watafiti waliowageukia mashabiki wenyewe walikuta sura nyingine. Peter Rentfrow na Samuel Gosling, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, waliziweka ladha za watu zaidi ya 3,500 katika mafungu manne. Hevi metali iliingia fungu moja na roki. Klasiki ikaingia fungu jingine, pamoja na jazi, bluzi na muziki wa asili. Yalionekana mafungu yaliyo mbali, lakini yote mawili yaliambatana na tabia ile ile: uwazi wa kupokea mambo mapya. Mwaka 2008 Adrian North wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Scotland, akatoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 36,000 kutoka nchi nyingi. Kwa tabia, mashabiki wa metali na wale wa klasiki walifanana mno: wabunifu, wapole, wasiopenda kujionyesha.

Tabia kufanana hakumaanishi kabati za santuri kufanana. Tafiti hizi zinatuonyesha kwamba mlango uko wazi, hazituonyeshi nani ameingia. Kwa hilo inatubidi tuwafuate wanamuziki wenyewe. Hao ndio mashabiki wa kwanza, na wanachokisikiliza nyumbani hakikawii kutokea jukwaani.

Nyumba walikotoka

Kabla ya kuitwa Black Sabbath, vijana wale wa Birmingham waliitwa Polka Tulk Blues Band, kisha Earth, na walipiga bluzi. Hawakuwa peke yao. Karibu roki yote nzito ya Uingereza ilianza na vijana wa kizungu waliokuwa wakiiga santuri za Waamerika weusi, muziki uliozaliwa na wajukuu wa watumwa katika mashamba ya pamba. Ukiondoa mkwaruzo wa gitaa katika nyimbo nyingi za metali, chini yake utaikuta bluzi, na chini ya bluzi utaikuta Afrika Magharibi.

Kila mmoja katika bendi ile alileta mzigo wake. Ozzy Osbourne, mwimbaji, alisema maisha yake yote kwamba The Beatles ndio waliomfanya atake kuimba. Bill Ward alijifunza ngoma kwa kuwasikiliza wapigaji wa jazi kama Gene Krupa na Buddy Rich, ndiyo maana ngoma zake zinayumba na kubembea mahali ambapo mwingine angetwanga tu. Geezer Butler, mpiga besi, alikuwa amevutiwa na "Mars", sehemu ya kwanza ya kazi ya okestra ya Gustav Holst iitwayo *The Planets*. Butler amesimulia kwamba alikuwa akiipiga mazoezini, na kesho yake Iommi akaja na noti tatu zilizogeuka wimbo uliobeba jina la bendi. Bluzi, pop, jazi na klasiki vilikuwa vimekutana katika chumba kimoja cha mazoezi, na vijana wanne wakavipika chungu kimoja.

Lemmy Kilmister wa Motörhead, ambaye kelele zake zilikuwa kipimo cha kelele za wengine, alimsikiliza Little Richard na Buddy Holly hadi uzeeni. Akiwa kijana wa miaka 16, aliwaona The Beatles wakipiga katika ukumbi wa Cavern, Liverpool, kabla dunia haijawajua. Miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa na bendi ya pembeni, The Head Cat, iliyopiga rokabili ya miaka ya 1950. Kwake hapakuwa na safari ya kutoka muziki mmoja kwenda mwingine. Ulikuwa ni rokenroli ule ule, sauti tu imepandishwa.

Wanaotafuta ustadi

Sifa ya kwanza anayoifuata shabiki wa metali ni ustadi wa mkono. Huu ni muziki unaoheshimu mazoezi. Kijana hujifungia chumbani miaka mitano akirudia vifungu vile vile vya gitaa, na akitoka nje anatafuta waliokwenda mbali zaidi yake. Hapo huwakuta Wazungu waliokufa zamani, Bach, Vivaldi na Paganini.

Daraja hilo lilijengwa mapema. Septemba 1969 Deep Purple walipiga pamoja na Royal Philharmonic Orchestra katika Royal Albert Hall, London, kazi iliyotungwa na mpiga kinanda wao Jon Lord. Randy Rhoads, mpiga gitaa wa Ozzy, aliendelea kutafuta walimu wa gitaa la klasiki hata alipokuwa safarini kwa maonyesho, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1982. Msweden Yngwie Malmsteen aliona katika televisheni mpiga fidla akipiga kazi za Paganini, na tangu hapo akataka gitaa lake liende kama fidla ile. Mwaka 1993 msomi Robert Walser alitoa kitabu kizima, *Running with the Devil*, ambamo alionyesha noti kwa noti jinsi wapiga gitaa wa metali walivyosoma na kufasiri upya muziki wa klasiki. Hoja yake ilikuwa nzito: watu hawa hawakukwapua mapambo, waliusoma muziki ule kama wanafunzi.

Njia hiyo ina wasafiri wa pande zote mbili. Mwaka 1993, katika Chuo cha Muziki cha Sibelius mjini Helsinki, wanafunzi wa selo walianza kupiga nyimbo za Metallica kwa ala zao. Wakajiita Apocalyptica, na mwaka 1996 wakatoa albamu ya nyimbo hizo bila gitaa wala mwimbaji. Miaka mitatu baadaye Metallica wenyewe wakapanda jukwaani na okestra ya San Francisco. Mwaka 2014 Dave Mustaine wa Megadeth alisimama mbele ya okestra ya San Diego, akapiga Vivaldi kwa gitaa la umeme.

Jazi ni mlango wa pili wa wapenda ustadi. Alex Skolnick wa Testament, bendi ya metali ya mwendo kasi kutoka California, alikwenda New York kuisomea jazi, na mwaka 2002 akatoa albamu ya bendi yake ya watu watatu iliyozifanya nyimbo za roki nzito kuwa jazi. Cynic wa Florida, katika albamu *Focus* ya mwaka 1993, waliunganisha sauti za kutisha za metali ya kifo na mapatano laini ya jazi. Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, alisaidia kutengeneza filamu kuhusu maisha ya Jaco Pastorius, aliyeligeuza gitaa la besi kuwa ala ya kuimba. Hakuna aliyemlipa Trujillo ili ampende Pastorius. Kilikuwa ni kilio cha mwanafunzi kwa mwalimu ambaye dunia ilikuwa inaanza kumsahau.

Wanaotafuta huzuni ya kweli

Ustadi peke yake haumalizi habari. Wapo mashabiki wengi wasiojali kasi ya vidole hata kidogo. Wao wanautaka muziki usioogopa kutazama kifo, majuto na upweke. Sifa hii huwapeleka mahali ambapo mgeni hapategemei: kwa mtu mmoja na gitaa lake kavu.

Mtayarishaji Rick Rubin ni shahidi mzuri. Mwaka 1986 alitayarisha *Reign in Blood* ya Slayer, moja ya albamu kali kuliko zote. Mwaka 1994 akamketisha mbele ya maikrofoni mzee Johnny Cash, nyota wa kantri ambaye kampuni za muziki zilikuwa zimemchoka. Albamu iliyotoka hapo, *American Recordings*, ina wimbo ulioandikwa na Glenn Danzig, mwimbaji aliyekulia katika panki na metali. Danzig aliuandika kwa ajili ya Cash mwenyewe. Danzig na Cash walikuwa wakizungumza lugha moja ya giza na hukumu, mmoja kwa kelele, mwingine kwa sauti ya chini. Mashabiki wa metali walimpokea Cash kama babu yao waliyepotezana naye.

Rob Halford wa Judas Priest alilijua hilo mapema zaidi. Mwaka 1977 bendi yake ilirudia wimbo wa Joan Baez, mwimbaji wa nyimbo za asili za Marekani, nao ukadumu katika maonyesho yao kwa miongo kadhaa. Mwaka 2022 Halford aliimba jukwaani na Dolly Parton, malkia wa kantri, na mwaka uliofuata wakatoa wimbo pamoja. Waliowatazama waliona watu wa dunia mbili tofauti. Waliowasikiliza walisikia waimbaji wawili waliolelewa katika familia za wafanyakazi, wote wakiamini kwamba wimbo ni hadithi na hadithi lazima iumize.

Kaskazini mwa Ulaya huzuni hiyo imewarudisha watu kwenye nyimbo za mababu. Einar Selvik, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya metali nyeusi ya Norwei, Gorgoroth, mwaka 2003 alianzisha Wardruna, kundi linalotumia vinubi, pembe na ngoma za kale. Mwaka 2014, Norwei ilipoadhimisha miaka 200 ya katiba yake, Selvik na Ivar Bjørnson wa bendi ya Enslaved waliagizwa kutunga kazi ya maadhimisho hayo. Wanamuziki wa metali nyeusi, ambayo miaka ya nyuma ilionekana kama aibu ya taifa, ndio walioitwa kuyasimulia mapito ya taifa. Waliokwenda kuwasikiliza Wardruna tangu mwanzo walikuwa mashabiki wa metali, waliokwisha kuzoea nyimbo ndefu zisizo na haraka ya kufurahisha.

Watu huuliza kama muziki wa hasira na majonzi haumzamishi msikilizaji. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwakasirisha kwa makusudi mashabiki 39 wa muziki mkali wenye umri wa miaka 18 hadi 34, kisha nusu yao wakapewa nafasi ya kusikiliza muziki wao na wengine wakaketi kimya. Muziki haukuwaongezea hasira. Walitulia sawa na wale wa kimya, na zaidi ya hapo wakatoka wakiwa na ari. Waswahili tunaoimba msibani hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Wimbo mzito haupandi huzuni moyoni, bali huipa mahali pa kukaa ili mwenye moyo apate kupumua.

Wanaotafuta kishindo

Sifa ya tatu ni nguvu inayomwingia mtu mwilini kabla hajafikiri. Panki iko karibu sana hapa, kwani Metallica walirudia nyimbo za Misfits na Discharge, na Slayer mwaka 1996 walitoa albamu ya nyimbo za panki walizozipenda. Ujirani huo hauhitaji maelezo marefu. Hip hop ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa makini, maana wengi waliamini kwamba ukuta wa rangi ya ngozi ungeitenga na metali daima.

Katika mwaka ule ule wa 1986 Kerry King wa Slayer alipiga gitaa katika wimbo wa kundi la hip hop la Beastie Boys, kwa kuwa Rick Rubin alikuwa akizitayarisha albamu za makundi yote mawili. Miaka miwili baadaye Public Enemy, kundi jingine la hip hop, walichukua kipande cha gitaa la Slayer wakakijengea wimbo wao. Scott Ian wa Anthrax alikuwa akipanda jukwaani na fulana ya Public Enemy, na Chuck D wa Public Enemy akaitaja Anthrax katika mashairi yake. Mwaka 1991 Anthrax na Public Enemy wakarekodi upya "Bring the Noise" kwa pamoja na kusafiri pamoja kwa maonyesho. Wakati huo huo mfokaji Ice-T wa Los Angeles, shabiki wa siku nyingi wa Black Sabbath, alikuwa ameunda bendi ya metali ya watu weusi, Body Count. Mwaka 2021 bendi hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya onyesho bora la metali.

Kilichowaunganisha ni kishindo na ghadhabu ya mitaani. Katika hip hop ngoma inapigwa kifuani mwako. Katika metali gitaa linafanya kazi hiyo hiyo. Zote mbili zilitungwa na vijana ambao jamii ilikuwa imewaambia wanyamaze.

Muziki wa elektroniki nao una mashabiki wengi kimyakimya katika kundi hili. Fenriz wa Darkthrone, mmoja wa waasisi wa metali nyeusi ya Norwei, anajulikana kwa mapenzi yake makubwa kwa tekno. Ukisikiliza *Transilvanian Hunger* ya mwaka 1994 unaelewa. Ngoma haibadiliki, gitaa linazunguka pale pale, na msikilizaji anapotelea ndani ya marudio kama mchezaji aliyekesha ngomani. Mfaransa James Kent, anayejiita Perturbator, alitoka kwenye bendi za metali nyeusi akaingia kwenye sinthesaiza, na mashabiki wa metali wakamfuata.

Utamu usiokiriwa

Kuna sifa ya nne, ambayo shabiki huikiri mwishoni: anapenda wimbo mtamu. Iron Maiden hawakupata mamilioni ya wasikilizaji kwa kelele. Umati wa viwanjani huimba pamoja nao hata sehemu za gitaa, kwa sababu zinaimbika. Ndiyo maana ABBA wanapendwa mno katika kundi hili, hasa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2001 zilikusanywa nyimbo zao katika albamu nzima iliyopigwa na bendi za metali, na mwaka 2013 Ghost, bendi ya Wasweden wenzao, walirudia wimbo wao mmoja. Chini ya vazi la disko, nyimbo za ABBA zina majonzi ya nyimbo za asili za Skandinavia, na sikio la metali huyanusa.

Kwenye tamasha la Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani ambacho tangu mwaka 1990 hupokea wapenzi wa metali wakati wa kiangazi, bendi ya tarumbeta ya wazima moto wa kijijini ni kivutio kinachopendwa sana. Mwaka 2013 bendi ya Rammstein ilimpandisha jukwaani hapo Heino, mzee wa miaka 74 aliyejulikana kwa nyimbo laini za wazee wa Kijerumani. Makumi ya maelfu ya watu waliovaa fulana nyeusi walimshangilia.

Sisi wa pwani tuna sehemu yetu katika mlango huu. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuja kujulikana kama Freddie Mercury, aliipenda opera kiasi cha kurekodi albamu na Montserrat Caballé. Lakini bendi yake Queen ilitoa mwaka 1974 wimbo "Stone Cold Crazy", ulioenda kasi kuliko roki ya wakati wake. Metallica waliurudia mwaka 1990 wakapata Grammy ya metali. Aprili 1992, katika tamasha la kumkumbuka Mercury kwenye uwanja wa Wembley, James Hetfield wa Metallica aliuimba pamoja na Queen, na Tony Iommi akiwa na gitaa lake pembeni. Mtoto wa Zanzibar aliyependa opera alikuwa amewapa watu wa metali wimbo wao.

Ukuta upo, lakini umezunguka nini?

Haitakuwa haki kuwasifu tu. Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, umati wa mashabiki wa roki ulishangilia sanduku la santuri za disko likilipuliwa, kisha ukavamia uwanja. Disko ulikuwa muziki wa watu weusi, wa Walatino na wa mashoga, na chuki ya siku ile haikuwa ya mdundo peke yake. Metali ilirithi sehemu ya mashabiki hao na sehemu ya chuki hiyo. Ndani ya metali yenyewe, Metallica walipokata nywele na kutoa *Load* mwaka 1996, yenye ladha ya bluzi na kantri, waliitwa wasaliti. Opeth walipoacha sauti za kunguruma katika *Heritage* ya mwaka 2011 ili wakumbatie roki ya miaka ya 1970, malalamiko yalikuwa yale yale.

Tukitazama vizuri, hasira ya mashabiki hao haikuwa juu ya bluzi wala kantri. Walikasirika kwa sababu jina la bendi lilikuwa limebeba kitu kingine. Jina "metali" kwao ni kama jina la ukoo: mtu anaweza kula chakula cha jirani kila siku, lakini jirani akipewa jina la ukoo bila kikao, kelele zitasikika. Ukuta umezunguka jina, masikio yako nje yanatembea. Wanaoijua tofauti hiyo wametanua nyumba bila kuibomoa. Sepultura wa Brazili walikwenda kwa jamii ya Waxavante, wakarekodi nao, wakamwita mpiga ngoma Carlinhos Brown kutoka Bahia, na *Roots* ya mwaka 1996 ikawa albamu ya metali isiyotiliwa shaka, iliyojaa ngoma zenye asili ya Afrika. Kisiwani Madagaska, bendi ya LohArano inachanganya mitindo ya huko, tsapiky na salegy, na gitaa zito.

Nairobi, Kampala, Mburahati

Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi, zikipiga katika kumbi ndogo mbele ya watu wanaojuana kwa nyuso. Kutoka katika kundi hilo walitokea Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Waliunda kundi la watu wawili, Duma, jina lenye maana ya giza kwa Kikuyu, wala si yule mnyama wa mbugani. Walikwenda Kampala, kwenye studio za lebo ya Nyege Nyege, na albamu yao ikatoka Agosti 2020. Ndani yake mna mayowe ya metali, ngoma za kompyuta zinazokwenda kama mvua ya mawe, na kelele za mashine. Hakuna dramu za kawaida.

Lebo hiyo hiyo, miaka mitatu kabla, ilikuwa imetoa *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Singeli hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kupita hapo, mwendo ambao wapiga dramu wa metali kali hujisifia kuufikia. Vijana wa Sisso hawakuufikia kwa kuisikiliza Slayer. Waliufikia kwa kukata vipande vya taarabu na kuviendesha mbio, kwa ajili ya vigodoro vya uswahilini. Hata hivyo wasikilizaji wa Ulaya waliokuja na masikio ya metali walipokutana na singeli waliipokea kama ndugu wa tumbo moja, na Duma na singeli vikakaa katika kabati moja la lebo ya Kampala.

Kwetu hoja hii ina uzito wa pekee. Singeli nayo ilidharauliwa, ikaitwa muziki wa wahuni, kelele zisizo na maana. Tulikuwa na walinzi wetu wenyewe mlangoni, wakiangalia nguo za wageni. Mchagua nazi hupata koroma, na aliyeichagua taarabu na kuikataa singeli kwa sababu ya nguo za mashabiki wake amejinyima jambo ambalo mtu wa Helsinki amelisikia bila hata kujua Kiswahili.

Kwa hiyo swali la metali linarudi kuwa swali la kila msikilizaji. Kuna ustadi, huzuni, kishindo na utamu, na hakuna jina la muziki linaloyamiliki hayo peke yake. Atakayetaka kulijaribu hili asianze mbali. Apige wimbo mmoja wa Sisso, aufuatishe na mmoja wa Duma, kisha arudi kwa Django Reinhardt, na katika zote tatu azisikilize nyuzi na ngoma kabla hajauliza zinaitwaje. Msimamizi wa Birmingham alifanya hivyo hivyo. Hakuanza kwa kumwambia kijana mgonjwa kwamba amemletea jazi, wala kwamba mpigaji ana vidole viwili. Aliiacha santuri ilie kwanza.